Ofisi ya Kufukuza na Kukaribisha Ndege

Itangazwe kwa wakulima wote wa kilima cha Gasunzu, wenye miguu na wenye mabawa, kwamba leo Jumatatu saa mbili asubuhi Ofisi ya Kufukuza Ndege imefungwa rasmi, na kwamba leo hiyohiyo, saa mbili na dakika tano, Ofisi ya Kukaribisha Ndege imefunguliwa rasmi. Meza ni ileile. Mkurugenzi ni yuleyule. Ndege wote waliokuwa wakiishi katika mashamba yetu miaka saba iliyopita wanaombwa kurudi kabla ya Alhamisi saa nne kamili, wakiwa wasafi.

Tangazo hilo lilisomwa mbele ya hangari, ghala letu la mahindi, na Mkurugenzi mwenyewe, Nyiransabimana, mjane wa miaka sitini na tisa, mwenye wajukuu kumi na mmoja na masomo ya mpaka darasa la tatu. La tatu lenyewe hakulimaliza, kwa sababu mtama wa baba yake ulikuwa umeiva na ndege hawakungoja likizo. Alipofika kwenye "wakiwa wasafi" aliitazama karatasi, akaitazama mbingu, kisha akaendelea. Mkurugenzi habishani na karatasi.

Sasa mtu atauliza: kilima kizima, huku Nkanka, juu ya ziwa, kilipataje ofisi ya ndege wakati hakina hata bomba la maji? Jibu ni rahisi. Bomba lahitaji fundi. Ofisi yahitaji meza.

Miaka saba nyuma, watu wa Gasunzu waliunganisha mashamba yao wakaunda Koperative Mstari Mmoja, wakamchagua Muhigirwa kuwa Prezida. Muhigirwa alikuwa mwashi. Alikuwa amejenga nusu ya nyumba za kilima, na hakuwahi kuona kitu kilichopinda asiumwe tumbo. Siku ya kwanza ya uongozi wake alichukua kamba yake ya ujenzi, akaifunga juu ya kilima, akaivuta mpaka karibu na ziwa. Chochote kilichogusa kamba kilikatwa. Zikaenda nyua za miyenzi, zile zilizokuwa zikizunguka kila shamba na kila nyumba. Ikaenda miti ya zamani ya mivumu. Kikaenda kile kipande cha majani ambacho hakuna aliyekilima tangu babu zetu, na kile kidimbwi ambapo misambi, wale korongo wawili wenye taji, walikuwa wakitaga. Mtama ukaenda, ulezi ukaenda, yakabaki mahindi, mstari kwa mstari, kama darasa lililopigwa fimbo. Mavuno yakiisha tu, siku ya pili udongo unageuzwa, punje isibaki. Na kila wiki mbili dawa ya wadudu inapita kwa pompi.

Lakini mpango mkubwa hauendi bila adui, na adui akaonekana kuwa ndege. Ndipo ofisi ikazaliwa.

Kwa kazi ya kuamia ndege hapakuwa na wa kushindana na Nyiransabimana. Alikaa juu ya dungu tangu ana miaka sita. Alikuwa na teo, alikuwa na debe bovu, na alikuwa na koo ambalo, kwa maneno yake, wavuvi wa Nkombo walilisikia ng'ambo ya maji wakavuta nyavu mapema. Akapewa meza, kizibao cha manjano kilichomfika magotini, na daftari. Kila asubuhi, kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa nne, alipanda dungu lake lilelile, akapiga debe, akapiga kelele, na kwa kila ndege aliyeondoka akachora kijiti kimoja kwenye daftari, kila aina na ukurasa wake: minana, tongo, njiwa, shore, mbayuwayu. Inyamanza peke yake, yule mdogo mweusi na mweupe anayetikisa mkia uani, hakumfukuza. Inyamanza hafukuzwi na mtu mwenye akili. Akikaa kwako ni baraka ya nyumba. Alimwandikia ukurasa wa pembeni: "Wageni wa Heshima."

Mwaka wa kwanza alijaza madaftari matatu. Mwaka wa pili mawili. Mwaka wa nne moja. Mwaka wa saba alijaza nusu ukurasa, na katika nusu hiyo zaidi ya theluthi alikuwa kunguru mmoja, yuleyule, mwenye mguu mbovu, ambaye alikuja kila siku kwa sababu hakuwa na kazi nyingine.

Kila mwisho wa mwaka Prezida aliandika chini kwa kalamu nyekundu: "Mafanikio makubwa. Pongezi. Muhigirwa, Prezida."

Na Nyiransabimana aliamini. Hapa tusimfichie. Aliamini kabisa kwamba ni koo lake. Alianza kulifunga shingoni kwa kitambaa cha sufu hata wakati wa jua, kwa sababu mali ya koperative inalindwa. Alianza kuwaonea huruma watu wa vilima vingine wasio na mtu kama yeye. Akiitwa kula alijibu, "Nitapitia ombi hilo." Jirani yake Mukarugwiza alipokuja kulia kwamba wanataka kumkatia uzio, Nyiransabimana, aliyekuwa amesukwa nywele na huyo huyo Mukarugwiza kwa miaka arobaini, alivaa kizibao kwanza ndipo akamsikiliza. Kisha akamsomea karatasi: "Uzio huu, kwa kuwa ni chanzo cha usumbufu wenye mabawa, utaondolewa." Ukaondolewa.

Kuhusu uzio wake mwenyewe, ni kweli, ulibaki. Ulikuwa nyuma ya nyumba, hatua sitini, umepinda kama mlevi anayetafuta mlango. Marehemu mumewe aliupanda mwaka waliooana, na alikuwa hajui mstari ni nini, alikuwa anajua kuimba tu. Juu ya uzio huo zilianikwa nepi za watoto saba. Chini yake kilibaki kipande cha mtama, "wa uji tu." Kila mwaka faili la uzio huo lilifika mezani kwa Mkurugenzi, na kila mwaka Mkurugenzi aliliweka chini ya mafaili mengine, ambayo hayakuwepo. Mahali pengine wangeita jambo hilo upendeleo. Gasunzu tunaliita utaratibu.

Mambo yalikuwa mazuri, basi, isipokuwa mahindi, ambayo yaliliwa na viwavi. Mwaka wa tano viwavi walikula robo. Mwaka wa sita walikula nusu, pompi ikapita mara mbili zaidi, viwavi wakanenepa. Prezida alikasirika mkutanoni, akasema viwavi hawakuwa kwenye mpango. Nyiransabimana naye alisimama akaeleza kwa sauti ya juu kwamba viwavi hawana mabawa, na kwa hiyo hawaihusu ofisi yake. Akapigiwa makofi, na yeye akayapokea.

Ndipo ikaja barua. Shirika moja linaloitwa Ndege na Shamba lingetoa hangari mpya na mashine ya kukausha mahindi kwa kilima ambacho wakulima na ndege wanaishi kwa ujirani mwema. Mtaalamu wao, Madame Véronique Birindwa, angevuka kutoka Bukavu siku ya Alhamisi, saa nne, kuhesabu.

Sasa mnaelewa tangazo.

Tangazo lilipokwisha, Prezida alimvuta Mkurugenzi pembeni, akamwita kwa uzee badala ya cheo.

"Mukecuru, bandege bako wapi?"

"Nilibafukuza, Prezida. Uliniandikia pongezi."

"Sasa uba-invite barudi."

"Na nini?"

"Na ile debe."

"Prezida wangu, miaka saba hii debe inabaambia batoke. Leo batajua je kama inasema karibu?"

Prezida akafikiri. "Piga polepole."

Jumanne asubuhi, basi, Mkurugenzi wa Kukaribisha alipanda dungu, akafunga kitambaa kwenye fimbo, akapiga debe polepole. Alijaribu na kutabasamu. Kunguru mwenye mguu mbovu akaja, akasikiliza kidogo, akaona mambo yameharibika, akaondoka. Siku hiyo ndiyo siku ya kwanza katika miaka saba kunguru yule kuondoka bila kufukuzwa, na Nyiransabimana alichora kijiti akijisikia vibaya.

Aliposhuka alimkuta Prezida chini ya dungu, faili mkononi. Ni lile faili.

"Madame Directrice, hii nilikuta chini ya meza yako. Ile chaka ya nyuma ya nyumba. Mugeni ataiona toka barabara. Kilima yote imenyooka, njo ile moja tu inatuharibia sura."

"Ile haiko chaka, Prezida. Ni rugo, uzio wa marehemu."

"Marehemu hakuwe mumemba wa koperative. Mpaka kesho jioni ikatwe. Ukate weye mwenyewe, ikuwe mfano kwa bengine."

Nyiransabimana alilipokea faili, akalitia kwapani, akaenda nyumbani kutafuta jiwe la kunolea.

Jumatano asubuhi alinoa panga, akavaa kizibao, akaenda nyuma ya nyumba. Akakuta Mukarugwiza amekwisha kufika. Amekuja na kigoda chake na ungo wa maharagwe.

"Unatafuta nini hapa, Mukarugwiza?"

"Nakuja kuangalia namna banafanyaka. Yangu ulipokatisha nilikuwa nafunika uso, sikuona vizuri."

"Basi angalia."

"Ngoja kwanza. Soma karatasi."

"Karatasi ya nini? Uzio ni wangu."

"Mimi ulinisomea. Uzio haukatwi bila karatasi, Madame Directrice. Shiye bantu ba utaratibu."

Nyiransabimana alitoa karatasi mfukoni. Akaanza, panga kwapani, kuusomea uzio wake mwenyewe: "Uzio huu, kwa kuwa ni chanzo cha usumbufu wenye—" Hapo inyamanza wawili wakatoka chini ya matawi, wakasimama mbele ya miguu yake, wakatikisa mikia, wakamtazama kama watu wanaongoja sentensi iishe.

Haikuisha. Alikaa chini palepale, juu ya majani, kizibao kikampanda mpaka masikioni. Na kwa sababu kwa mara ya kwanza katika miaka saba alikuwa amekaa bila kupiga kelele wala debe, akasikia. Uzio ulikuwa na vurugu kama soko la Kamembe siku ya dagaa wa sambaza. Minana walikuwa humo wanagombania vijiti. Tongo walikuwa kwenye mtama wa uji. Shore mmoja alikuwa juu kabisa, anatukana wote.

"Bote bako huku," akasema.

"Bote waliobaki," akasema Mukarugwiza, mkono kwenye maharagwe. "Ulizani nini?"

"Nilizani... koo yangu."

Mukarugwiza alicheka mpaka ungo ukamwagika. "Koo yako! Dada, koo yako hata mbuzi yangu haitikisi sikio. Bandege balikimbia panga. Ulibakatia fasi ya kulala, ukageuza udongo wasiokote punje, na kadudu ka kulishia batoto bao mukakapulizia dawa. Wakae bakule nini, pongezi?"

"Lakini walikuwa wanakula mahindi."

"Tongo! Tongo mwenye mdomo kama punje ya mchele! Anamenya hindi na nini? Na meno? Miaka saba unafukuza muntu asiyekula chakula yako, na kiwavi anayekula unamuachia meza."

Kuna maneno ambayo mtu hana faili la kuyaweka chini yake. Nyiransabimana alivua kizibao, akakikunja, akaenda nacho mpaka hangarini, akakiweka mezani mbele ya Prezida.

"Sikati," akasema. "Na ofisi chukua."

Siku nyingine Prezida angetuma watu saa hiyohiyo. Lakini wanaume wote walikuwa wamepanda camionnette, kigari cha mizigo cha jirani Kamali, kwenda Bugarama, kwenye mashamba ya mpunga. Maana Prezida alikuwa amepata suluhisho la kitaalamu: ndege kama hawaji kwa kuitwa, wanaletwa. Wakulima wa Bugarama, ambao ndege wa mpunga wanawatesa usiku na mchana, walifurahi sana kusikia kuna kilima kinachotafuta ndege. Waliwakamata kwa nyavu, wakajaza vikapu vikubwa vinne, wakaongeza na kimoja cha bure, na wakauliza kama Gasunzu inahitaji pia panya.

"Rugo yako itakatwa kesho saa tano," akasema Prezida, "mugeni akiisha kuondoka. Njo siku ya mwisho. Kwa sasa tutaifunika."

Jioni wanaume waliporudi wakaufunika, kwa maturubai ya bluu, upande wa barabara tu.

Alhamisi Madame Véronique alifika saa nne kasoro kidogo. Mwanamke mfupi, mwenye buti za mvua na darubini shingoni, aliyesalimia kila mtu kwa mkono, na kunguru kwa kichwa. Prezida alitoa hotuba juu ya mapenzi ya kale kati ya Mstari Mmoja na viumbe vya angani. Kisha akainua mkono. Huko ndani ya mahindi wanaume wakafungua vikapu vitano.

Ni kweli ilikuwa ajabu. Ndege wale walipanda kama moshi, mamia kwa mamia, wakazunguka mara moja juu ya ile mistari iliyonyooka. Walikuwa kama mtu aliyeingia nyumba ya watu kwa makosa, anayetazama kuta na kuomba radhi. Hawakuona tawi. Hawakuona jani la kukalia. Wakageuka wote kwa pamoja, wakashuka nyuma ya nyumba ya Nyiransabimana.

Madame Véronique aliwafuata kwa darubini. Alianza kutembea, na koperative yote nyuma yake, Prezida akijaribu kumpita ili amwonyeshe ziwa. Mbele ya turubai mgeni akasimama.

"Prezida, hii ni nini?"

"Ni hangari, Madame."

Akasikiliza. "Hangari yenu inaimba."

Akazunguka nyuma ya turubai, akainua darubini, akahesabu muda mrefu. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu asiyetumaini jibu, kama kuna yeyote anayejua zamani ndege walikuwa wangapi hapa. Kila kilima anachokwenda watu wanamwambia "walikuwa wengi," na "wengi" haiandikwi.

"Tunajua!" Prezida akaruka. "Shiye tuko na madaftari. Miaka saba! Mulete madaftari!"

Yakaletwa. Madame Véronique alikalia kigoda cha Mukarugwiza bila kuomba, akafungua la kwanza, akafungua la pili, akaanza kugeuza kurasa polepole kama mtu anayesoma barua ya mchumba.

"Kila siku?" akamuuliza Nyiransabimana. "Fasi moja? Saa zilezile?"

"Kila siku, Madame. Isipokuwa nilipomzika marehemu, na Pasaka."

"Maman, minatafuta kitu kama hii miaka kumi na minane." Akaweka kidole kwenye ukurasa. "Mwaka wa kwanza, minana elfu nne na mia mbili. Na hapa umeandika: nyua za juu zimekatwa. Mwaka wa pili, elfu moja na mia tisa. Mivumu imekatwa, pompi imeanza. Mwaka wa tatu, mtama umekatazwa, mia sita. Mwaka wa saba, wanne." Akainua macho. "Hii kazi yote, nani aliifanya?"

Prezida hakumwachia nafasi mtu mwingine. "Ni miye, Madame! Chini ya uongozi wangu! Angalia, kila mwaka nilitia sahihi. Hii nyekundu, ni miye."

Na Nyiransabimana, ambaye jana yake tu alikuwa ameacha kazi, mazoea yakamshinda, akainua mkono. "Na miye, Madame. Kwa koo."

Mukarugwiza aliangua kicheko, ikabidi ashikwe.

Madame Véronique aliandika majina yote mawili, bila kucheka, jambo lililotisha zaidi. "Na uzio huu? Nani alikataza usikatwe?"

Ilikuwa karibu saa tano, na wanaume watatu walikuwa pale pembeni na mapanga, wakingoja mgeni aondoke kama walivyoagizwa. Nyiransabimana aliyatazama yale mapanga. Prezida alimtazama mgeni, akaitazama kalamu ya mgeni, akaiona hangari mpya ikipaa na kwenda kilima cha jirani.

"Ni miye pia," akasema. "Ni shamba ya mfano. Niliiacha kwa ajili ya... recherche. Utafiti."

"Vizuri kabisa. Basi hutakataa kuandika kwamba hautaguswa, na kwamba mashamba mengine yatafuata mfano: nyua zirudi, mtama urudi pembezoni, makapi ya mavuno yaachwe mpaka mvua, dawa ipumzike. Tukianzia kwa mwenye wazo. Shamba lako ni lipi, Prezida?"

Shamba la Prezida lilikuwa lile la chini, kubwa kuliko yote, lililonyooka kuliko yote. Akatia sahihi. Wanaume watatu wakatazamana, wakaenda kukaa kivulini.

Jumamosi ya umuganda, siku ya kazi ya pamoja, kilima chote kilitoka. Matawi yalikatwa kwenye uzio wa marehemu, maana miyenzi huota kwa kuchomeka tu tawi ardhini, na kila kaya ikapewa mzigo wake. Nyiransabimana ndiye aliyebeba. Nyumba kwa nyumba, kila alipowahi kusoma karatasi, aliinama akapanda kwa mikono yake. Kwa Mukarugwiza alipanda matawi arobaini, mwenye nyumba akikaa kivulini.

"Hiyo tawi imepinda."

"Nimeipinda makusudi."

"Ipinde zaidi. Na ukimaliza uje nikusuke, kichwa yako inafanana chaka."

Huko chini Prezida alikuwa anapanda uzio katikati ya mahindi yake, na mpiga picha wa shirika akimzunguka. Jua lilikuwa kali. Alipanda tawi la kumi na mbili, akajifuta jasho usoni kwa mkono. Mtoto yeyote wa Gasunzu angemwambia asifanye hivyo: miyenzi ikivunjwa hutoa maziwa meupe, na maziwa hayo yakiingia jichoni huchoma kama pilipili ya moto. Lakini Prezida kwa miaka saba alikuwa ameamuru tu nyua zikatwe; hakuwahi kuushika mmoja. Alilia. Alilia kwa macho yote mawili, amesimama katikati ya shamba, mbele ya watu mia tatu, na picha zikapigwa.

Shirika lilihitaji ripoti kabla ya jioni, na mwandishi wa koperative hakuwepo, kwa hiyo ikaandikwa na Nyiransabimana. Aliiandika polepole, kwa maneno ya darasa la tatu, na haikuwa ndefu. Akampelekea Prezida, aliyekuwa amelala kwenye benchi, kitambaa chenye maji usoni.

"Inasema nini, Mukecuru? Sioni."

"Inasema ulilia mbele ya bantu bote, Prezida."

"Kwa furaha?"

"Inasema miye nilidanganyika, na weye ulilia juu ya nyua za bantu ulizokata, ukawaahidi kila mmoja utampandia ya shamba yake kwa mikono yako."

Prezida aligeuza sikio chini ya kitambaa. Nje mtu alikuwa anasimulia kilio chake, na sauti ilikuwa imejaa heshima ambayo hakuwahi kuisikia katika mikutano yote saba ya mwaka.

"Andika nililia sana," akasema.

Akanyoosha mkono hewani. Nyiransabimana akamwekea kalamu vidoleni, akamwongoza mpaka chini ya karatasi. Prezida akatia sahihi akiwa haoni kitu. Ilitoka imepinda, na akalala. Nyiransabimana akaenda mlangoni kuwaambia watu wajipange, wale wa nyua za juu wakae mbele, na waje na majembe mawili mawili, moja la Prezida.